Laptopu mpya inagoma kushika Wi-Fi ya nyumbani

Pole ndugu. Nimekuelewa hivi: laptopu inaliona jina la Wi-Fi yako, unaweka nywila, kisha inakwama hapohapo, huku simu ikipata intaneti vizuri.

Kabla ya yote, washa hotspoti ya simu uiunganishe laptopu humo. Ikishika, kadi yake ya Wi-Fi ni nzima, na shida iko kati yake na ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani. Zima ruta kwa nusu dakika, iwashe. Kwenye laptopu, futa mtandao ule uliohifadhiwa, uandike nywila upya huku ukiitazama herufi kwa herufi. Kubwa na ndogo si sawa.

Bado? Ingia kwenye mipangilio ya ruta. Ulinzi wa Wi-Fi ukiwa WPA3 pekee (aina mpya), weka WPA2 (aina ya kabla yake) na WPA3 kwa pamoja. Jaribu pia masafa ya GHz 2.4, maana ya GHz 5 hudhoofika haraka ukutani. Ila tafadhali usiguse kile kitufe cha ndani kinachobonyezwa kwa pini! Kinafuta mipangilio yote, pengine hata ya mtoa huduma, na nyumba nzima itakosa mtandao.

Isiposhika hata hotspoti, mimi ningeshuku draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya Wi-Fi. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, usasishe draiva ya Wi-Fi kutoka tovuti ya mtengenezaji. Angalia bando tu, masasisho ya Windows hulila sana.

Ikishindikana, usiifungue wala usimpe fundi wa nje. Irudishe ulikoinunua ingali ndani ya waranti.