Laki mbili za CSR (msaada wa kampuni kwa jamii): kabla hujachapisha fulana

Mwenye uzi, wewe mwenye kiwanda cha mkate, umeuliza kama shilingi laki mbili ulizotengea kituo cha watoto, pamoja na fulana na bango, zitafanya watu wa Kariobangi na Dandora hapa Nairobi wapende mkate wako kuliko wa mshindani jirani. Kwa mpango ulivyoueleza, sidhani. Pesa zinatosha, ila zimeelekezwa pabaya.

Anayenunua mkate kioski jioni hawazi kampuni, anawaza mkate. Utafiti wa Brown na Dacin wa 1997 ulitenganisha mambo mawili: sifa ya kampuni kama fundi wa kazi yake, na sifa yake kama jirani mwema. Ufundi uligusa bidhaa moja kwa moja. Wema nao ulisaidia, lakini kwa kuzunguka: ulipandisha jina la kampuni kwanza, kisha jina likaipa bidhaa heshima. Kwa hiyo hakuna msaada utakaoziba pengo la mkate mwepesi.

Anzia kwenye mizani. Mkate hupoteza maji ukiokwa, zaidi kidogo ya sehemu moja kwa kumi. Donge la unga la gramu 400 likitoka ovenini na kupoa huwa na gramu 350 hadi 360, na mwenye kioski anaujua uzito huo kwa mkono tu. Ili mkate uliopoa ufike gramu 400, pima donge gramu 455 hadi 460, kisha kila zamu upime mikate kumi iliyopoa. Halafu angalia mishahara ya vibarua na marupurupu ya wasambazaji, maana hao wanaishi mitaa ileile unayotaka ikupende. Kibarua anayedai mshahara wa wiki tatu ataieleza ploti nzima kabla bango lako halijakauka rangi.

Mpangilio huu una sababu. Watafiti Wagner, Lutz na Weitz walionyesha mwaka 2009 kwamba kampuni inayojisifu kwanza, kisha ikanaswa ikifanya kinyume, huonekana mnafiki kuliko ile iliyokosea kwanza ndipo ikatangaza msimamo. Rekebisha, kisha useme.

Sasa msaada wenyewe. Hundi ya kadibodi mbele ya kamera haina uhusiano na unga. Toa unachokijua. Tuseme mkate mmoja unakugharimu shilingi 50 mpaka utoke kiwandani: laki mbili ni mikate 4,000. Mikate 40 kila siku ya shule, siku tano kwa wiki, inakupeleka wiki 20. Ukikatwa robo robo, watoto 160 wanapata kitu cha kushikilia chai ya saa nne. Chagua shule moja ya msingi iliyo kwenye njia ya gari lako la alfajiri, usiongeze mafuta bure.

Hapa ndipo wengi huharibu: wanapeleka mikate iliyorudishwa kutoka madukani. Mtoto akifika nyumbani na kipande chenye ukungu, umenunua chuki kwa pesa zako. Peleka wa usiku huohuo, kwa karatasi ileile ya dukani. Na karatasi hizo zikusanywe; zikionekana kwenye mtaro nje ya lango la shule, jina lililochapishwa juu yake ni lako.

Matangazo yawe madogo. Yoon, Gürhan-Canli na Schwarz waliona mwaka 2006 kwamba kampuni ikitumia pesa nyingi kutangaza wema kuliko kuutenda, sifa inashuka. Mimi ningeweka kikomo cha elfu ishirini kwa kila laki mbili, na fulana nisingechapisha hata moja. Maneno yatoke kwa mwalimu mkuu kwenye mkutano wa wazazi. Yeye huaminika kuliko ukurasa wako wa mtandaoni. Picha ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Piga picha ya trei ya mikate, inatosha.

Kuhusu kupima, usiulize wateja kama wanapenda kampuni zinazosaidia jamii. Wote watasema ndiyo, kisha watachukua mkate ulio nafuu kwa shilingi tano. Andika oda za vioski kumi karibu na shule kwa wiki nane kabla ya kuanza, na za vioski kumi vya mtaa mwingine usiofikiwa na mpango. Usiguse bei wala kamisheni ya wauzaji katika kipindi hicho, la sivyo hutajua kilichosogeza oda ni nini. Baada ya wiki 20 linganisha. Vioski vya mbali vikipanda sawasawa na vya karibu, basi ni msimu, si wema wako. Usitarajie mlipuko. Mara nyingi utakachokiona ni wateja wasiohama jirani akishusha bei.

Jambo la mwisho, mwambie mwalimu mkuu tarehe ya kumalizika siku ileile mnapoanza, na umwandikie. Mikate ikikatika ghafla katikati ya muhula, wazazi watakuhesabu miongoni mwa waliowaahidi wakatoweka, na utajuta kuanza.