Heroe anayesimama kwa mguu mmoja, ni mgonjwa?

Swali: Daktari, nahudumia kundi la heroe kwenye bustani ya wanyama. Mmoja husimama kwa mguu mmoja hata saa nzima, mpaka anasinzia. Nahofia ule anaoukunja unamuuma. Na huu anaoukanyagia, hauchoki?

Jibu: Ndugu, hauchoki kama unavyodhani. Mwaka 2017 watafiti wa Atlanta, Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walionyesha jambo ambalo bado linanistaajabisha: mzoga wa heroe ukiwekwa kwa mguu mmoja hutulia, ingawa hakuna msuli unaofanya kazi. Ukiwekwa kwa mkao wa miguu miwili, unayumba. Siri iko juu, ndani ya manyoya. Pale katikati ya mguu panapokunjika kwenda nyuma, ambapo wengi huita goti, ni kifundo. Goti lenyewe limejificha karibu na tumbo. Heroe akishaweka wayo chini ya kati ya mwili wake, uzito wake mwenyewe ndio unaovikaza viungo vya juu. Walipowapima heroe hai, waliona wakisinzia ndipo wanapotulia zaidi.

Kwa hiyo muda usikutishe. Angalia ni mguu upi. Kaa mbali, asubuhi na jioni, uandike kila mara: kushoto au kulia. Akiwa anaukunja ule ule kila mara, akiushusha anagusa chini kwa ncha za vidole tu, au kundi likihama yeye anabaki nyuma akichechemea, hapo kuna maumivu.

Nyayo ndizo za kushuku kwanza. Heroe wa kufugwa huzipata sana shida hizi: ngozi ya chini inakuwa sugu, inapasuka, inaota vinundu. Sakafu ngumu, hasa ya zege, huchangia sana. Porini ndege huyu anakanyaga tope. Kama kingo za bwawa lenu ni za zege, mwageni mchanga laini pale wanapopenda kusimama, hata kabla hamjamkagua huyo mmoja.

Mkimkamata, msimkimbize. Miguu ile huvunjika kwa urahisi, na ndege aliyefukuzwa sana misuli yake inaweza kuharibika vibaya. Mabawa yabanwe mwilini, na asiinuliwe kwa miguu kamwe. Mkikuta kifundo kimevimba na kina joto, mwiteni daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.