Usiandike "bure, wa kwanza kufika achukue"

Wewe wa mtaa wa Section 58, Nakuru, unayehama Jumamosi, huo ujumbe usiutume! Unasema utapanga vyombo vyote kwenye veranda uandike kwenye kundi la WhatsApp la mtaa "bure, wa kwanza kufika achukue". Maneno hayo hayo niliyaandika nikihama Migosi, Kisumu, na hadi leo yananiuma.

Aliyenishauri ni msimamizi wa ploti. "Weka nje tu, kufikia saa kumi hapa patakuwa peupe." Alichotaka ni nyumba tupu ya kumwonyesha mpangaji mpya; vitu vyangu vingeishia wapi hakujali hata kidogo. Mtu akikuhimiza utoe upesi, muulize haraka yake ni ya nini.

Nusu saa haikuisha, mikokoteni miwili ikawa langoni, na watu ambao sijawahi kuwaona mtaani. Mama jirani, ambaye watoto wake walikuwa wakilala chini, alirudi kutoka sokoni akakuta veranda tupu. Kitanda nilikuwa nimemkusudia yeye. Jumapili nikakiona soko la Kibuye, kinauzwa.

Kitanda si kitu, lakini. Kabati ndilo lililonimaliza. Droo ya chini niliitandika gazeti, na chini ya gazeti ilikuwa hatimiliki ya shamba langu la Lugari. Na msiniambie ningekagua. Nilikagua! Nilitoa nguo, nikatoa risiti. Nani kati yenu huinua gazeti lililokaa ndani ya droo miaka sita? Nilikumbuka usiku, tumeshafika nyumba mpya. Nikampigia msimamizi: kabati limebebwa na nani? "Siwajui." Nikauliza kundini, kimya. Hakukuwa na wa kufuatwa, maana sikumpa mtu yeyote, niliachia tu.

Ndipo nikaanza: polisi nipate abstrakti (karatasi yao ya kuonyesha nimeripoti hati imepotea), kiapo mbele ya wakili, matatu hadi ofisi ya ardhi Kakamega, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha siku 60 za kungoja mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya hati mpya kutolewa. Siku 60 unalala ukiwaza kwamba pengine mtu ameishika ile ya zamani, anamwonyesha mnunuzi.

Kitu kimoja, mtu mmoja, jina lake na nambari yake ya simu. Bisha mlango wa jirani umwambie, "Mama, kitanda hiki nimekuwekea wewe, njoo Ijumaa." Humjui mwenye uhitaji? Muulize mzee wa Nyumba Kumi. Akija, fungueni droo pamoja, muinue kila kilichotandikwa, ndipo abebe. Anayetaka cha pili angoje wengine wapate.

Kama umeshautuma, ufute sasa hivi, uandike upya ukitaja kitu kimoja tu. Na kabati liwe la mwisho.