Madogo mnaoanza kazi, msijipime kwa masaa

Nyie mnaoingia mwaka huu, hasa wa ukaguzi wa mahesabu maana msimu wenu tunaujua, kutoka ofisini saa nne usiku sio ugonjwa na wala sio sifa. Kuna mtu anapiga masaa kumi na nne sababu kodi inamsubiri na ada za wadogo zake pia, huyo muongeze mshahara uone kama hatalala mapema. Teja wa kazi hata umlipe akae nyumbani anahangaika.

Wanaopima uteja huu wa kazi kitaalamu hawaanzii kwenye saa. Cecilie Andreassen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitoa kipimo chao 2012, maswali saba tu, unaangalia mwaka uliopita unajipa 1 (kamwe) mpaka 5 (kila mara). Unatafuta namna ya kupata muda zaidi wa kazi? Unapitiliza ulivyopanga? Unaambiwa punguza husikii? Ukizuiwa unapata stresi? Mazoezi na starehe umeweka pembeni? Afya imeguswa? Ukipata 4 au 5 kwenye maswali manne na kuendelea, ujitazame. Wafanyakazi wa Norway walipopimwa, asilimia 8.3 waliangukia humo.

La saba nimelibakiza makusudi: unafanya kazi ili upunguze hatia, wasiwasi, unyonge au huzuni? Mimi naona mzizi uko hapa, maana wengi wetu toka darasa la kwanza tulisifiwa kwa namba tu, ukishika ya tano nyumba nzima kimya, sasa mtu mzima akikaa bure Jumapili anajiona hana thamani, anafungua laptopu si kwamba kuna dedlaini, anatuliza roho. Utafiti mwingine wa huko huko, 2016, watu 16,426, walikuta dalili za wasiwasi kwa asilimia 33.8 ya mateja wa kazi, kwa wasio mateja asilimia 11.9. Kipi kimemleta mwenzake haijulikani kwa namba hizo, ila vinatembea pamoja.

Kupenda kazi ni habari nyingine, msiogope. Anayependa akifunga ofisi anakula ugali wake kwa amani.

Jipimeni basi, dakika mbili tu. Ila lile swali la kuambiwa punguza usijijibie, mpe mkeo, mumeo au unayeishi naye aweke alama, na usimkazie macho akiwa anaandika.