Ukiteuliwa kwenye kamati ya makao ya wazee, anza na zamu ya usiku

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji wa Mbagala. Parokia yake imemteua kuingia kwenye kamati inayosimamia makao ya wazee, naye anauliza: "Dada, nikifika pale niangalie nini?" Nimeshamjibu, ila naliandika jibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaombwa kukalia viti vya namna hii, na mnataka kuvikalia vizuri.

Mimi jambo hili liliniingia kwa uchungu. Shangazi yangu alimalizia maisha yake kwenye kituo kimoja hapa hapa Dar. Kila Jumapili tulimkuta ameogeshwa, kafungwa khanga safi, kakalishwa barazani. Siku tuliyompeleka hospitali ndipo nesi alipomgeuza akatuonyesha vidonda vya kulalia, mgongoni na kwenye nyonga. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Shangazi hakuwa akigeuzwa. Na kituo kilikuwa na kamati! Ilikuwa ikikutana, inakunywa chai, inasomewa na mkuu wa kituo kwamba "hali ya wazee ni nzuri", inapiga picha na kutawanyika. Hakuna mjumbe aliyewahi kufunua shuka. Mpaka leo naumia.

Kwa hiyo nilipoteuliwa kwenye kamati ya makao mengine, nilijua pa kuanzia. Nilitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, sikumpigia mtu simu. Daftari la zamu lilikuwa na majina matatu na sahihi tatu. Aliyekuwepo ni mhudumu mmoja, binti wa watu, kachoka hajiwezi, bweni la wanaume na la wanawake yote yake peke yake. Mkuu wa makao alikasirika, akasema nimekuja kumvizia. Mwenyekiti wetu naye akanikumbusha utaratibu wa kutoa taarifa kwanza. Niliwajibu kwa heshima kwamba mgeni aliyetoa taarifa huonyeshwa sebule.

Mabishano ya vikao vilivyofuata nayaacha. Mwezi uliopita kamati imepitisha wahudumu wawili kwa kila bweni usiku, karatasi ya kugeuza wazee ikae kitandani, na mjumbe mmoja kila mwezi aende saa asiyotarajiwa. Najivunia hilo, sifichi.

Basi ndugu yangu wa Mbagala, omba daftari la zamu, kisha hesabu watu kwa macho yako. Halafu leja ya stoo. Unga, mchele, mafuta na sabuni huletwa kwa wingi Ramadhani na Krismasi. Uliza nani alipokea, vikatoka kwa sahihi ya nani. Anayepokea asiwe ndiye anayegawa. Uliza na dawa, maana wengi wana presha na sukari. Wazee wasiojiweza, kuanzia miaka 60, wana msamaha wa matibabu kwenye hospitali za serikali. Je, wangapi pale wana vitambulisho? Ukikuta makao yanatumia sadaka kununua dawa ambayo mzee alistahili kupewa bure, hapo uongozi haujafanya kazi yake, na kamati pia.

Kaa na wazee wenyewe, mkuu wa makao asisimame pembeni. Toa shikamoo, kisha sikiliza. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini jiulize kama kwenye kamati yako yupo hata mzee mmoja anayeishi pale. Na afisa ustawi wa jamii wa manispaa msimwite siku ya sherehe tu. Unachokikuta mpelekee kwa maandishi, chenye tarehe.

Usiingilie kazi za kila siku. Nani apike, nani afue, hayo ni ya mkuu wa makao, na wengi wao wanahangaika kweli kwa fedha kidogo. Lakini taarifa anayoiandika yeye haiwezi kuwa ushahidi pekee juu ya kazi yake mwenyewe. Nenda ukaone. Nenda usiku.

Na ninyi mnaovikalia viti hivi kwa ajili ya posho na picha, pisheni. Wale ni wazazi wa watu, na wengine hawana mtoto wa kuja Jumapili kuwauliza wameamkaje. Kama saa kumi alfajiri huwezi kufika, mwambie mwenyekiti sasa hivi atafute mtu mwingine.