Madaktari washauri wa kikundi cha wazazi: tuwape kazi gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Sisi ni wazazi wachache wa Tanzania na Kenya wenye watoto wenye ugonjwa wa Dravet, yaani kifafa kikali kinachotokana na kasoro ya jeni, tuna kikundi chetu WhatsApp. Wa kwangu alianza degedege akiwa na miezi sita, kila homa na degedege lake, na halikatiki upesi. Alipewa karbamazepini, dawa ya kifafa, hali ikawa mbaya zaidi. Baadaye damu ilipelekwa nje ya nchi kupimwa, ikaonekana kasoro kwenye jeni ya SCN1A. Sasa madaktari watatu wamekubali kuwa washauri wa kikundi. Wazazi wakaanza kutuma video na kuuliza dozi, na daktari mmoja akasema hilo hatalifanya. Wengi tumevunjika moyo. Kama hawatuandikii dawa, watatusaidia nini? Na je, ni kweli karbamazepini ndiyo iliyozidisha? — Mama wa mtoto wa miaka minne, Arusha

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa yote mliyopitia. Naanza na swali lako la mwisho, maana humo ndimo kazi ya madaktari wenu ilimo.

Ndiyo, inawezekana kabisa. Jeni ya SCN1A ndiyo inayoelekeza utengenezaji wa milango ya sodiamu katika seli za ubongo, na milango hiyo inategemewa zaidi na zile seli ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine. Mtoto wa Dravet amezaliwa na breki dhaifu. Karbamazepini, ambayo wengi mnaijua kama Tegretol, huziba milango ya sodiamu, na hivyo hulegeza hata breki kidogo alizonazo. Fenitoini na lamotrijini nazo ziko kundi hilo. Kwa aina nyingine nyingi za kifafa hizi ni dawa nzuri, na karbamazepini na fenitoini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, kwa hiyo ndizo daktari anazozikuta kabatini. Tena homa na degedege huku kwetu humfanya kila mtu afikirie malaria kwanza, na ni haki afikirie hivyo. Ila mzazi ambaye mtoto wake bado anatumia dawa hizi asizikatishe ghafla. Degedege linaweza kuja bila kukoma. Aende kwa daktari wake, dawa ibadilishwe kwa utaratibu.

Sasa fikiria usiku mtoto anafika hospitali ya wilaya akiwa kwenye degedege la dakika ishirini. Wakimpa diazepamu ya kukatisha degedege isipofaulu, hatua inayofuata mahali pengi ni dripu ya fenitoini. Nesi aliye zamu hajawahi kulisikia jina Dravet, na mama kwa hofu aliyonayo hawezi kuanza kueleza habari za jeni. Hapo ndipo ninapotaka madaktari wenu watatu waanzie: waandike ukurasa mmoja, wautie sahihi, kila mzazi atembee nao. Uandikwe jina la ugonjwa, dawa za kuepuka, dawa ya kwanza degedege likifika dakika tano, na dawa ya pili kati ya zile zinazopatikana kweli katika hospitali zenu. Nasisitiza hilo la mwisho. Miongozo ya nje itawatajia stiripentoli na fenfluramini, dawa za Dravet ambazo huwezi kuzikuta kwenye duka la dawa la mtaani. Dozi iachiwe nafasi tupu, ijazwe na daktari anayemtibu mtoto kwa uzito wake wa sasa, na ijazwe upya anavyokua.

Kuhusu aliyekataa kutaja dozi kwenye kikundi, mimi namuunga mkono. Stiripentoli, kwa mfano, hupandisha kiwango cha klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, kwenye damu. Mtoto mmoja atahitaji klobazamu ipunguzwe, la sivyo atalala mchana kutwa na chakula hali. Valproeti, nayo dawa ya kifafa, inaweza kuharibu ini la mtoto mdogo mwenye kasoro fulani nyingine za kurithi, na video haionyeshi ini. Na jibu la mtoto mmoja likishaandikwa hapo linasomwa na wazazi wote. Wawili watatu watalijaribu usiku huohuo. Kitu mnachoweza kumwomba, naye sidhani kama atakataa, ni kuzungumza na daktari anayemtibu mtoto, wenyewe kwa wenyewe. Hiyo ni nafasi ambayo wagonjwa wengi hawaipati.

Yapo maswali yanayowahusu wote, na hayo wayajibu kwa maandishi ili msiyarudie kila wiki. La chanjo litakuwa la kwanza, kwa kuwa degedege la mwanzo mara nyingi huja baada ya sindano ya kliniki. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walipima watu 14 ambao ubongo wao ulisemekana kuharibiwa na chanjo. 11 walikutwa na kasoro ya SCN1A. Homa ya chanjo iliamsha ugonjwa uliokuwepo tayari. Kwa hiyo mtoto achanjwe, na washauri waandike namna ya kudhibiti homa siku hizo. La pili litakuwa mafuta ya bangi. Kanabidioli iliyosafishwa, kiini cha bangi kisicholevya, ilikubaliwa Marekani mwaka 2018 kwa Dravet baada ya majaribio ya kitabibu. Chupa inayouzwa mtandaoni ni kitu kingine: hujui ina kiasi gani cha kanabidioli, wala kama ina kile kinacholevya.

Na ninyi wazazi msikae pembeni mkingoja kuambiwa. Jopo la Marekani Kaskazini lililotoa mwongozo wa Dravet mwaka 2017 lilikuwa na madaktari 13 pamoja na wanafamilia watano. Valproeti na klobazamu ziliwekwa mbele, dawa za kuziba sodiamu zikawekwa upande wa kuepukwa. Ninyi mnajua maji ya moto ya kuoga yanavyomwanzishia mtoto degedege, na mnajua ni dawa gani imeadimika mjini mwezi huu. Chagueni wazazi wawili waingie katika vikao vya washauri, wakiwa na haki ya kusema hapana.

Kwa hao madaktari watatu ongezeni mfamasia, na nesi wa wodi ya watoto kama mtampata. Muda wa kila mmoja uandikwe, mwaka mmoja au miwili, ili anayechoka aondoke bila ugomvi. Mwulizeni kila mmoja kama analipwa na kampuni yoyote ya dawa, na jibu lake liwe wazi kwa wanachama wote. Rasimu ya ule ukurasa ikishakuwa tayari, mpelekeeni kwanza mganga mfawidhi wa hospitali iliyo karibu na kila mtoto aisome kabla haijachapwa, kwani watakaoifuata usiku ni watu wake.