Prius kuachia breki kwenye rasta

Ndugu yangu, hali unayoeleza, kwamba Prius yako ya mwaka 2009 iliyotoka Japani huachia breki kwa kitambo kidogo inapopita kwenye rasta (matuta madogo ya barabarani) ukiteremka Iwambi, Mbeya, kisha hushika tena, inafanana sana na kasoro iliyoifanya Toyota iyaite magari ya haibridi (yenye injini ya petroli na mota ya umeme) yapatayo 437,000 yarekebishwe Februari 2010. Kasoro ilikuwa kwenye programu ya kompyuta inayoongoza ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, hivyo kubadilisha pedi, jambo ambalo mafundi wetu hulikimbilia kwanza, hakutaiondoa. Mpelekee wakala wa Toyota namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, akuangalizie kama marekebisho yalikwishafanyika huko Japani. Kwa sasa, teremka kwa gia ya B, ile inayotumia injini kupunguza mwendo, na breki ikilegea usinyanyue mguu, bali ongeza nguvu ya kukanyaga.